Namna ya Kushika Kodi ya G13 kwenye Gitaa, Kuanzia Katikati

Mpiga gitaa aliyezoea kodi za kawaida za G, C na D (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) hufika mahali akaikuta alama ya G13 juu ya maneno ya wimbo, na mara nyingi huamua kupiga G7 na kuendelea. Hakuna kitakachovunjika, kwa kuwa noti za G7 zimo ndani ya G13. Hata hivyo, wimbo wa jazi au wa bosanova, mtindo wa Brazili, uliotungwa juu ya kodi hiyo hupoteza rangi yake, na kwa nilivyoona kwa miaka mingi ya kupiga na kufundisha, wengi huikwepa G13 kwa sababu ya vidole vinavyosongana kwenye freti ya tatu na kidole kidogo kinachokataa kusimama, wala si kwa sababu nadharia yake imewashinda. Mwongozo huu unaeleza umbo moja tu la kodi hiyo, lile ambalo wapigaji wa jazi hulitumia zaidi, pamoja na mambo machache yanayozaliwa nalo. Nimeandika nikimfikiria mtu anayebana nyuzi kwa mkono wa kushoto. Anayebana kwa mkono wa kulia ageuze maelekezo.

Umbo lenyewe husomwa kuanzia uzi wa sita, ulio mnene kuliko wote, hadi uzi wa kwanza: 3, x, 3, 4, 5, x. Tarakimu hutaja freti, na alama ya x ina maana kwamba uzi huo hautakiwi kusikika. Kwa hiyo uzi wa sita hubanwa kwenye freti ya tatu, uzi wa nne kwenye freti hiyohiyo ya tatu, uzi wa tatu kwenye freti ya nne, na uzi wa pili kwenye freti ya tano, ilhali uzi wa tano na wa kwanza hunyamazishwa. Kidole cha shahada hukaa kwenye uzi wa sita, kidole cha kati kwenye uzi wa nne, kidole cha pete kwenye uzi wa tatu, na kidole kidogo kwenye uzi wa pili.

Kilichomo ndani ya kodi

Ni vigumu kuulekeza mkono vizuri kama sikio halijui linasubiri nini, hivyo inafaa kwanza kuzifahamu noti nne zinazopigwa. Kutoka chini kwenda juu ni G, F, B na E. Waliokulia katika kwaya za kanisa wakisoma nota za do-re-mi watazitambua haraka wakiziweka katika ufunguo wa C: so iko chini kabisa, halafu fa, halafu ti, na mi iko juu. So ndiyo noti ya msingi ya kodi. Ti ni noti yake ya tatu, na ndiyo inayotujulisha kwamba kodi ni ya meja. Fa ni noti ya saba iliyoshushwa nusu toni, yaani umbali wa freti moja, na ndiyo inayoifanya kodi itamani kurudi nyumbani kwenye C. Mi ni noti ya sita ukihesabu kutoka G, lakini kwa kuwa huwekwa juu ya noti ya saba, wanamuziki huendelea kuhesabu kupita oktava ya kwanza na kuiita ya kumi na tatu; hapo ndipo jina la kodi linapotoka.

Msomaji makini atauliza re imekwenda wapi, yaani noti ya D, ambayo ni ya tano ya kodi. Imeachwa kwa makusudi. Kwa mujibu wa vitabu, kodi ya kumi na tatu ina noti saba, na gitaa lina nyuzi sita tu, huku mkono una vidole vinne vya kubana. Lazima uchague, na noti ya tano ndiyo inayotoa habari kidogo kuliko nyingine zote: ukiiondoa, hakuna msikilizaji atakayegundua, lakini ukiondoa F au B kodi inakuwa kitu kingine kabisa. C nayo huachwa kwa sababu hugombana na B iliyo nusu toni chini yake.

Zingatia pia jinsi noti tatu za juu zilivyopangana. Kutoka F hadi B kuna nusu toni sita, na kutoka B hadi E kuna nusu toni tano, kwa hiyo kati ya F na E kuna nusu toni kumi na moja, yaani umbali unaokosa nusu toni moja tu kutimiza oktava. Ukali mtamu wa kodi hii unatoka hapo. F na B nitaziita kiini cha kodi, na mwongozo wote unasimama juu ya jambo moja: umbo hili lisijengwe kutoka besi kwenda juu kama wengi wetu tulivyofundishwa, bali lijengwe kutoka kwenye kiini kwenda nje.

Mahali pa kuanzia mazoezi

Freti za gitaa hazina upana sawa. Zinapungua kadiri unavyokwenda upande wa kasha. Kwenye gitaa ambalo nyuzi zake zina urefu wa sentimita 65 kati ya kichwa na daraja, vyumba vitatu vya freti vinavyotumiwa na G13, yaani cha tatu, cha nne na cha tano, vina jumla ya sentimita 9.2 hivi. Umbo hilohilo likihamishiwa kwenye freti ya nane, ambako huitwa C13, linachukua takriban sentimita 6.9. Tofauti ya zaidi ya sentimita mbili ni kubwa sana kwa kidole kidogo ambacho bado hakijazoea kujinyoosha. Kwa sababu hiyo nashauri umbo lijifunzwe kwanza kwenye freti ya nane, likae mkononi kwa siku kadhaa, kisha lishushwe freti moja baada ya nyingine mpaka kufika ya tatu. Maelezo yote yaliyo hapa chini yanataja freti za G13. Anayeanzia juu aongeze tano kwa kila freti.

Angalia na gitaa lenyewe. Nyuzi zikiwa zimeinuka mno juu ya shingo, kama ilivyo kwa magitaa mengi ya bei nafuu yanayouzwa bila kurekebishwa, utatumia nguvu maradufu na utailaumu mikono yako bure. Mpelekee fundi ashushe daraja, au angalau funga nyuzi nyembamba zaidi. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono ya kuegemea, inua shingo ya gitaa kidogo kuliko usawa wa kasha, na uache kiwiko cha mkono wa kushoto kining'inie karibu na mwili bila kukibana mbavuni.

Kujenga umbo, kidole kwa kidole

Anza na kidole cha kati. Kiweke kwenye uzi wa nne, freti ya tatu, ncha yake ikiwa karibu na chuma cha freti lakini haijakipanda. Ongeza kidole cha pete kwenye uzi wa tatu, freti ya nne. Piga nyuzi hizo mbili tu, polepole, na usikilize F na B zikivutana. Sauti hiyo peke yake haina raha. Inadai kwenda mahali, na ukiipiga mara kumi mfululizo sikio litaanza kukuonyesha lenyewe kwamba F inataka kushuka kwenye E na B inataka kupanda kwenye C. Usiharakishe kutoka hapa. Mtu akiamshwa usingizini na kuweza kuviweka vidole hivi viwili bila kutazama, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua inayofuata ni kidole kidogo kwenye uzi wa pili, freti ya tano, na hapa nitakaa kwa muda kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama. Tazama pingili ya mwisho ya kidole hicho kwa karibu. Ikiwa imepinda kwa ndani, yaani imebonyea kuelekea kwenye ubao badala ya kujikunja kama upinde, nguvu yote inapotelea kwenye kiungo na ncha inateleza. Dawa yake huanzia mbali na kidole: sogeza kiganja chote mbele kidogo, kuelekea upande wa nyuzi nyembamba, mpaka kifundo kinachounga kidole kidogo na kiganja kikaribie ukingo wa shingo. Kidole kidogo ni kifupi kuliko vingine, kwa hiyo kiganja ndicho kinachopaswa kukifuata. Ukifanya hivyo utaona kinasimama chenyewe, kimejikunja, na ncha yake inabonyeza uzi kwa kiasi kidogo tu cha nguvu. Mwanafunzi anayekaza meno na kubonyeza kwa nguvu huku kiganja kimebaki nyuma anapambana na umbali, na umbali hauondolewi kwa nguvu.

Piga sasa nyuzi tatu, wa nne, wa tatu na wa pili. F, B na E zikisikika kila moja kwa uwazi, una kodi ya kumi na tatu mkononi, ingawa bado haina msingi.

Kidole cha shahada kinakuja mwisho, kwenye uzi wa sita, freti ya tatu. Najua kwamba hii ni kinyume cha desturi, kwani karibu kila mtu hutanguliza besi. Sababu yangu ni hii: kidole cha shahada ndicho chenye nguvu na uhuru kuliko vyote, na kikitangulia kutua kwenye uzi wa sita kinauvuta mkono mzima upande wa juu, kidole kidogo kinabaki kikihangaika kuufikia uzi wa pili. Kikija mwisho, kinalazimika kuufuata mkono uliokwisha kukaa vizuri. Baada ya wiki kadhaa vidole vyote vinne vitatua kwa pamoja na mpangilio huu hautaonekana tena, lakini mkao utakuwa umezaliwa sawasawa.

Weka kidole gumba nyuma ya shingo, takriban mkabala na kidole cha kati, kikiwa kimenyooka na kimelegea. Kazi yake ni kupokea uzito tu. Ukihisi misuli iliyo kwenye mzizi wa gumba inauma ndani ya dakika mbili, unabana mno. Legeza kila kidole mpaka nyuzi zianze kukwaruza freti, halafu rudisha nguvu kidogo kidogo hadi sauti isafike. Hicho ndicho kiasi cha nguvu kinachohitajika. Maumivu ya juu juu kwenye ncha za vidole ni ya kawaida kwa anayeanza, lakini maumivu ya kifundo cha mkono au ganzi inayopanda mkononi ni ishara ya kuweka gitaa chini na kupumzika.

Nyuzi mbili zinazopaswa kunyamaza

Umbo hili lina nyuzi nne zinazosema na mbili zinazonyamaza, na wapigaji wengi hujali zile nne peke yake. Uzi wa tano unanyamazishwa na kidole cha shahada chenyewe: ncha yake inabana uzi wa sita, na nyama ya upande wa ncha hiyo inalala kwa wepesi juu ya uzi wa tano bila kuubana. Ili ifanikiwe, kidole kisisimame wima mno. Kilaze kidogo mpaka uhisi uzi wa tano ukikugusa. Uzi wa kwanza unanyamazishwa na ubavu wa kidole kidogo, ambacho kinapobana uzi wa pili kinaweza kuegemea kiasi na kuugusa uzi jirani.

Kuna mtego hapa ambao unafaa kuelezwa mapema. Kwenye G13, uzi wa tano ukiachwa wazi hutoa A, ambayo ni noti ya tisa ya G, na uzi wa kwanza ukiachwa wazi hutoa E, ambayo tayari imo kwenye kodi. Kwa maneno mengine, mpigaji mzembe hataadhibiwa. Kodi itasikika nzito kidogo upande wa chini lakini haitakuwa na makosa. Sasa lihamishe umbo hilo freti moja mbele upate Ab13 (b husomwa flati, yaani noti iliyoshushwa nusu toni), na uzi wa kwanza ukiwa wazi utatoa E dhidi ya F iliyo kidoleni mwako, noti mbili zilizoachana kwa nusu toni tu zikigombana. Lipeleke kwenye freti ya sita upate Bb13, na uzi wa tano ulio wazi utatoa A dhidi ya Ab ya uzi wa nne. Kwa hiyo jaribu unyamazishaji wako kwenye freti ya sita, kamwe si kwenye ya tatu. Piga nyuzi zote sita kwa mpigo mmoja wa piki: unatakiwa kusikia noti nne na mikwaruzo miwili mifu.

Wanaopiga kwa vidole vya mkono wa kulia, kama ilivyo desturi ya bosanova, wana nafuu. Gumba hupiga uzi wa sita, kidole cha shahada uzi wa nne, cha kati uzi wa tatu na cha pete uzi wa pili, na nyuzi nyingine haziguswi kabisa. Noti nne hutoka kwa pamoja, kama zinavyotoka kwenye kinanda, na kwa masikio yangu hiyo ndiyo njia inayoifaa kodi hii zaidi wimbo unapokwenda polepole.

Njia ya gumba

Baadhi ya wapigaji huubana uzi wa sita kwa gumba linalopita juu ya shingo. Tal Farlow, Mmarekani aliyekuwa na mikono mikubwa kiasi cha kupewa jina la utani la pweza, alijulikana kwa kulitumia gumba la kushoto namna hiyo. Katika G13 njia hii inaviachia vidole vingine nafasi: shahada inakwenda uzi wa nne, cha kati uzi wa tatu, na cha pete uzi wa pili, huku kidole kidogo kikibaki huru. Ncha ya gumba nayo inaunyamazisha uzi wa tano. Hata hivyo inategemea shingo. Magitaa mengi ya umeme yana upana wa milimita 43 hivi upande wa kichwani, wakati gitaa la nyuzi za nailoni huwa na takriban milimita 52, na hapo gumba la mtu wa kawaida halifiki bila kukipotosha kifundo cha mkono. Jaribu, likikukataa, achana nalo bila majuto.

Kuongeza noti ya tisa

Umbo la kwanza likishatulia, unaweza kuongeza A juu kabisa na kupata 3, x, 3, 4, 5, 5. Kidole kidogo kinalala na kubana uzi wa pili na wa kwanza kwa pamoja kwenye freti ya tano. Sasa, kinyume na nilivyosema awali, pingili yake ya mwisho inapaswa kunyooka, na kwa hiyo kiganja kisogee mbele zaidi ya pale. Zipige nyuzi hizo mbili peke yake mara nyingi kabla ya kuunganisha na vidole vingine. Wengi hupata uzi wa pili na kuukosa wa kwanza kwa sababu uzi unaangukia kwenye mkunjo wa kiungo. Panda au shuka milimita moja mpaka uzi ukutane na nyama iliyo imara.

Kodi inapotembea

Kodi ya kumi na tatu haikai peke yake. Katika jazi utaikuta mara nyingi kati ya Dm9 na Cmaj9, na hapo ndipo kazi yote ya vidole inapata maana. Shika Dm9 hivi: uzi wa tano freti ya tano kwa kidole cha kati, uzi wa nne freti ya tatu kwa shahada, uzi wa tatu freti ya tano kwa kidole cha pete, uzi wa pili freti ya tano kwa kidole kidogo. Noti ni D, F, C na E. Linganisha na G13 uone kinachobadilika: F iko palepale, E iko palepale, C inashuka nusu toni kuwa B, na besi inahama. Kwa hiyo kidole kidogo hakinyanyuliwi. Kinabaki kwenye uzi wa pili kama nanga, kidole cha pete kinateleza freti moja nyuma bila kuachana na uzi wa tatu, na shahada na kidole cha kati ndivyo vinavyobadilishana kazi. Anayetumia gumba ananufaika zaidi hapa, maana shahada yake inabaki kwenye F.

Kutoka G13 nenda Cmaj9: uzi wa tano freti ya tatu kwa kidole cha kati, uzi wa nne freti ya pili kwa shahada, uzi wa tatu freti ya nne kwa kidole kidogo, uzi wa pili freti ya tatu kwa kidole cha pete. F imeshuka kuwa E, kama sikio lilivyokuwa likidai tangu hatua ya kwanza, B imebaki, na E ya juu imeshuka hadi D.

Ukitaka kushuka huko kuwe laini, weka katikati kodi moja ya kupitia: kutoka G13 shusha kidole kidogo freti moja, uzi wa pili sasa ukiwa freti ya nne, upate 3, x, 3, 4, 4, x. Kidole kidogo kinabana jirani kabisa na kidole cha pete, na vingine havisogei. Noti ya juu imekuwa Eb. Katika uzi wa pili sasa kuna mwendo wa freti ya tano, ya tano, ya nne na ya tatu, yaani E, E, Eb, D, na msikilizaji ataufuata mwendo huo kama anavyofuata sauti ya mwimbaji. Pangilia hivi: Dm9 mapigo manne, G13 mapigo mawili, kodi ya kupitia mapigo mawili, Cmaj9 mapigo manne. Weka metronomu kwenye mapigo 60 kwa dakika na usipandishe mwendo mpaka mabadiliko yote yapite bila pengo kati ya kodi na kodi.

Ndani ya bendi

Wapigaji waliolelewa na muziki wa dansi au rumba ya Kongo hushangaa kidogo wanapofika hapa, kwa kuwa neno Jazz wamelisikia tangu utoto katika majina kama OK Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1956 mjini Kinshasa, au Morogoro Jazz Band ya Mbaraka Mwinshehe. Katika majina hayo neno lilimaanisha zaidi bendi ya kisasa ya dansi kuliko mfumo wa kodi za jazi ya Marekani, na magitaa yake hufumana kwa nyimbo ndogo ndogo zinazojirudia juu ya kodi tatu au nne za wazi. Ukiingiza G13 katikati ya mfumo huo bila kupatana na mpiga ridhimu pamoja na mpiga kinanda, D anayoipiga mwenzako karibu na E yako itaivuruga sauti. Zungumzeni kabla ya kupanda jukwaani.

Faida ya bendi ni kwamba yuko mpiga besi, na G ni mali yake. Freddie Green, aliyepiga gitaa la ridhimu katika bendi ya jazi ya Mmarekani Count Basie kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1987, alijulikana kwa kupiga noti chache sana katika kila kodi, na bendi nzima ya ala za kupuliza ilitembea juu ya gitaa ambalo halikuunganishwa na umeme. Nawe mwachie mpiga besi noti ya msingi, inua kidole cha shahada, na ubaki na nyuzi tatu tu: F, B na E, kwa vidole vilevile vitatu ulivyoanza navyo.

Halafu mwombe mpiga besi afanye jambo moja. Wewe ukiwa umeshikilia F, B na E, yeye ahame kutoka G kwenda Db. F sasa imekuwa noti ya tatu ya kodi mpya, B imekuwa ya saba iliyoshushwa, na E imekuwa ya tisa iliyopandishwa. Mnachopiga sasa ni Db7 yenye tisa iliyopandishwa, ambayo inashuka nusu toni moja kwenda C. Ni kodi nyingine kabisa, na vidole vyako vitatu havijasogea hata milimita moja.